Arobaini Isiyo na Mtoto

Katika mahari ya Waswahili kuna fungu liitwalo mkaja. Kilemba ni cha baba wa bibi harusi, mkaja ni wa mama yake. Jina limetokana na kitambaa ambacho mama huyo alijifunga tumboni alipomzaa binti anayeposwa leo, na fedha yenyewe ni shukrani kwa tumbo lililotanuka, likalegea, likafungwa na kukazwa siku baada ya siku hadi likarudi, au likakaribia kurudi. Nimeona wazee wakivutana juu ya mahari mpaka chai ikapoa. Juu ya mkaja sijaona wakivutana. Kila aliyeketi pale ana mama.

Nimeanzia hapo kwa sababu kuna wanawake ambao tumbo halikurudi hata baada ya kufungwa. Mimba tatu au nne, au kilo nyingi zilizopungua baada ya miaka ya unene, zimewaachia ngozi inayoning'inia na misuli miwili ya mbele iliyoachana katikati. Misuli ya baadhi yao husaidiwa na mazoezi. Ngozi haina zoezi. Hao ndio wanaokwenda kwa daktari kutengenezwa tumbo. Kwa hesabu za ISAPS, chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa urembo, upasuaji wa aina hii sasa unafanywa zaidi ya mara milioni 1 kwa mwaka duniani. Kwetu nao umefika: hospitali binafsi za Nairobi zinaufanya, Muhimbili Mloganzila jijini Dar es Salaam imeingia katika upasuaji rekebishi miaka ya karibuni, na wenye uwezo hupanda ndege kwenda India au Istanbul.

Daktari ana kazi ya saa mbili hadi nne. Wodi ina usiku mmoja, miwili, pengine mitatu. Wiki sita zinazofuata ni za nyumbani, na kwa bahati nyumba za kwetu zinalijua tumbo. Mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, ana arobaini yake: mama au shangazi anakuja na furushi lake, anapika uji, anakanda, anafunga tumbo, anafukuza wageni wanaokaa sana. Mwanamke aliyepasuliwa kwa ajili ya urembo anaihitaji arobaini kama hiyo, ila mara nyingi anajinyima kwa sababu amefanya kwa siri. Na yule anayeipata huipata nzima nzima, pamoja na mambo mawili matatu ambayo kwa mzazi ni tunu na kwake ni hatari. Kuyatenganisha hayo ndiyo kazi ya makala haya.

Tuone kwanza kilichotendeka chini ya dawa ya usingizi. Kisu hupita chini kabisa ya tumbo, kutoka nyonga hadi nyonga, mahali ambapo chupi itaficha kovu. Ngozi na mafuta yake huinuliwa kutoka juu ya misuli mpaka karibu na mbavu. Misuli iliyoachana inashonwa ikutane. Kisha ngozi inavutwa chini kama shuka linalotandikwa, iliyozidi inakatwa, na kitovu, ambacho muda wote kimebaki kwenye shina lake, kinatobolewa tundu jipya la kutokea. Miongoni mwa wa kwanza kuandika juu ya kukata tumbo lililoning'inia ni Howard Kelly, daktari wa wanawake wa Baltimore, mwaka 1899. Mbinu zimebadilika sana tangu hapo, lakini mgonjwa bado anarudi nyumbani na mambo matatu: ngozi iliyovutwa mpaka mwisho wake, misuli inayoshikiliwa na uzi, na uwazi mpana kati ya ngozi na misuli ambao haujagandana. Karibu kila katazo atakalopewa limetoka katika mojawapo ya hayo, na anayeyajua hahitaji kukariri karatasi ya hospitali.

Katazo moja limetoka kwingine, kwenye damu, nalo ndilo zito kuliko yote: asilale kutwa.

Mwaka uleule wa 1899, daktari Emil Ries wa Chicago aliandika kwamba wagonjwa wake wa upasuaji wa tumbo anawaamsha kitandani mapema, siku za mwanzo kabisa. Wakati ule desturi ilikuwa kulaza watu wiki mbili, tatu. Wenzake wengi hawakumfuata. Ilibidi ifike miaka ya 1940, vita vikiwa vimejaza hospitali na vitanda havitoshi, ndipo kuamka mapema kulipokubalika kwa upana, na ikaonekana kwamba walioamshwa walipona upesi kuliko waliolazwa. Sababu ilikwishaelezwa karne ya 19, kwa jina la Mjerumani Rudolf Virchow: damu huganda ndani ya mishipa inapokwenda polepole, mshipa unapojeruhiwa, au damu yenyewe inapokuwa tayari kuganda. Upasuaji wa tumbo hukusanya yote. Mwili uliokatwa eneo kubwa huongeza uwezo wake wa kugandisha, miguu imelala saa nyingi, na tumbo lililokazwa hubana njia ya damu inayopanda kutoka miguuni. Donge likijiunda kwenye shavu la mguu, likachomoka na kwenda mapafuni, linaweza kuua kwa dakika chache. Katika upasuaji wa urembo, wa tumbo ni miongoni mwa aina zenye hatari kubwa zaidi ya jambo hilo, hasa ukiunganishwa na kunyonya mafuta au upasuaji mwingine siku hiyohiyo. Na hatari haiishii wodini. Inamfuata mtu nyumbani kwa wiki kadhaa.

Hapo arobaini ya mzazi inakosea. Bibi aliyelea wazazi kumi na wawili anaona kidonda kinachotoka nyonga hadi nyonga na kusema, "Mwanangu, lala, usijitikise." Anasema kwa mapenzi. Lakini kulala mchana kutwa ndiko asikotakiwa kukufanya. Anatakiwa aamke siku ileile au kesho yake, atembee hatua chache, na akiwa macho asipitishe saa mbili bila kwenda mlangoni na kurudi, au jikoni na kurudi. Akiwa amekaa, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini. Anywe maji. Kama daktari amemwandikia sindano za kuzuia damu kuganda, azimalize zote hata akijiona mzima. Kwa kuwa tumbo limekatwa, kwa kawaida huelekezwa kujichoma pajani. Na kama anameza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hilo alipaswa kulisema kabla ya kupasuliwa, kwa sababu vidonge hivyo navyo huongeza uwezekano wa damu kuganda. Wengi hawalisemi. Kwao vidonge vya uzazi si "dawa", kwa hiyo wakiulizwa dawa wanazotumia hujibu hakuna.

Atatembea ameinama, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ni sawa. Ngozi imevutwa, na kunyooka upesi kunauvuta mshono. Siku tano, saba, hata kumi za kuinama ni za kawaida, na mgongo utauma kuliko kidonda. Usiku alale chali, mito mgongoni, mto mwingine chini ya magoti, tumbo likae kama limekunjwa.

Wanaopasuliwa mbali wana tatizo la ziada. Shirika la afya la Marekani, CDC, linashauri mtu aliyepasuliwa tumbo asubiri angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege, na madaktari wengi wa upasuaji huu hutaka zaidi. Mfuko wa msafiri ndio unaotaka pungufu. Kila usiku wa hoteli ni fedha. Shirika hilohilo lilichapisha mwaka 2024 hesabu ya raia wa Marekani waliofariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika tangu 2009 hadi 2022: watu 93. Katika vifo vilivyochunguzwa kwa undani, sehemu kubwa ilitokana na donge la damu au mafuta kuziba mishipa ya mapafu. Sijataja nchi hiyo ili kuwatisha wanaokwenda Istanbul. Nimeitaja kwa sababu huko kuna mtu aliyekaa akahesabu.

Sasa mkaja. Wazee walikuwa na akili kufunga tumbo, na madaktari wanafanya jambo hilo kwa jina jingine. Mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa na mkanda mpana wa mpira, au vazi linalobana kutoka chini ya matiti hadi mapajani, naye hulivaa mchana na usiku kwa wiki nne hadi sita, akilivua anapooga. Kazi yake ni kupunguza uvimbe, kuisaidia ngozi ishikane na misuli, na kumpa mtu ujasiri wa kutembea. Wengi husema wakilivua wanahisi matumbo yanataka kudondoka. Tofauti iko katika kukaza. Mfungaji wa mkaja huweka goti na kuvuta, na sifa yake ni tumbo jembamba. Hapa ngozi iliyo juu ya mkato inategemea mishipa midogo ya damu iliyosalia, na ikibanwa mno hukosa damu. Tumbo likikazwa kupita kiasi, damu ya miguuni nayo hupanda kwa shida, na tumeshaona mwisho wake. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili, pumzi ndefu iingie bila kukwama, na usiwepo mkunjo unaochora mstari kwenye ngozi. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa awe na mikanda miwili, mmoja ukifuliwa mwingine uvaliwe, na fulana nyepesi ya pamba ndani yake. Jasho linalokaa juu ya mshono wiki nzima halina faida kwa mtu yeyote.

Maji ya moto ni marufuku kabisa, na hili ningependa lisikike mpaka chumba cha uani. Kumkanda mzazi kwa taulo lililochovywa maji yanayofuka moshi ni desturi ya nyumba nyingi kuanzia Lamu mpaka Kigoma, na mkandaji hujua amefika kiasi pale mzazi anapopiga kelele. Ngozi ya tumbo lililopasuliwa haitapiga kelele. Mishipa ya fahamu imekatwa ilipoinuliwa, na sehemu kati ya kitovu na kovu hubaki na ganzi kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Itaungua huku mwenyewe anazungumza na mkandaji juu ya bei ya nyanya. Chupa ya maji ya moto na pedi ya umeme ziko kundi hilohilo, na barafu iliyowekwa moja kwa moja kwenye ngozi nayo huunguza kwa namna yake.

Wengi hurudi na mipira miwili myembamba inayotokea karibu na kinena, kila mmoja ukiishia kwenye kichupa laini cha plastiki. Hiyo ndiyo inayowaogopesha wenye nyumba, ilhali ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Ule uwazi kati ya ngozi na misuli hujaa majimaji, na mipira huyatoa. Osha mikono, fungua kizibo, mimina kwenye kikombe chenye vipimo, minya kichupa kitoe hewa, funga kikiwa bado kimebanwa ili kiendelee kuvuta. Asubuhi na jioni. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, mililita, rangi. Mwanzo ni nyekundu, kisha kama juisi ya ukwaju iliyozimuliwa, kisha njano hafifu. Mpira unaotoa chini ya mililita 30 kwa saa 24 kwa kawaida huwa tayari kuondolewa, na wengi hufika hapo ndani ya wiki moja au mbili. Nimesisitiza daftari kwa sababu ndilo litakalomwambia daktari ukweli. Kumbukumbu ya mtu aliyechoka na mipira husema "yamepungua sana" kila siku. Madaktari wengine siku hizi hawaweki mipira kabisa. Mbrazili Ricardo Baroudi alieleza mwaka 1998 namna ya kuishona ngozi kwenye misuli kwa nyuzi nyingi za ndani ili uwazi usibaki, na mbinu hiyo na zinazofanana nayo zimeenea. Kwa vyovyote, majimaji kukusanyika baadaye ndilo tatizo la kawaida zaidi la upasuaji huu. Mtu hugeuka kitandani akasikia tumbo linacheza kama dafu. Halina uchawi na kwa kawaida si dharura. Daktari huyavuta kwa sindano, pengine mara mbili tatu. Linakuwa dharura pale mtu wa nyumbani anapoamua kuyakamua.

Karatasi za maelekezo, hata zile za hospitali zetu, mara nyingi zimeandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo hatuishi. Husema usinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki sita. Hazisemi kwamba ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, kwamba mtoto wa mwaka mmoja ana kilo tisa au kumi na anajirusha mwenyewe mapajani pako, kwamba sufuria ya ugali wa watu sita inasongwa kwa misuli ileile iliyoshonwa. Anayeinama na fagio la chelewa, anayefua kwenye beseni, anayekuna nazi juu ya mbuzi, wote wanavuta uzi ulio ndani. Uzi ukikatika hautoi sauti. Misuli inaachana tena taratibu na fedha iliyolipwa inakwenda nayo.

Kisha choo. Aliyepasuliwa hawezi kuchuchumaa siku za mwanzo, na akiweza kushuka hataweza kupanda. Asiye na choo cha kukaa anunue au atengenezewe kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kiwekwe juu ya tundu la choo kabla ya siku ya upasuaji. Fundi wa mtaani atakifanya kwa saa moja na atauliza cha nini. Godoro lililotandikwa sakafuni nalo halifai, na samadari ya bibi iliyo juu mno inataka kistuli cha kupandia. Kuamka kuna namna yake: geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono, usijikunje ukanyanyuka kwa tumbo. Kikohozi au chafya vikija, kumbatia mto tumboni. Wanaoswali waswali kwenye kiti, dini imewaruhusu wagonjwa zamani. Kuoga kwa kujimwagia maji huruhusiwa na madaktari wengi baada ya siku mbili hivi, mtu amekaa kwenye kigoda, mwingine akichota kwa kata. Kujilaza kwenye beseni au kuingia baharini kusubiri vidonda vifunge kabisa. Bodaboda kaa nayo mbali kwa wiki nyingi. Gari asiendeshe mpaka aweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita, na asiwe ametumia dawa kali ya maumivu. Tendo la ndoa lisubiri wiki nne hadi sita, na ni mume anayepaswa kuambiwa hivyo na daktari, uso kwa uso. Akiambiwa na mke, huliona ombi.

Chakula cha arobaini ninakiunga mkono karibu chote. Mtori wa Wachaga, supu ya kuku wa kienyeji, uji wa pilipili manga, samaki wa kuchemsha: hivyo ni protini na maji, na kidonda kikubwa kinakula protini. Mayai, maharage na dagaa hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo. Ongeza papai na mchicha kwa sababu ya choo. Dawa kama tramadol hulifanya tumbo kuwa zito, na kujikamua chooni ni mvutano mwingine juu ya misuli iliyoshonwa. Afadhali kuomba dawa ya kulainisha choo mapema kuliko kungoja siku ya tano. Diklofenaki ya kununua kwenye kona isiongezwe bila kumuuliza daktari, hasa kwa anayechomwa sindano za kuzuia damu kuganda, maana zote mbili huongeza uwezekano wa kutoka damu. Dawa za mizizi zisubiri.

Jambo moja halimo kwenye arobaini yoyote ninayoijua, nalo ni tumbaku. Nikotini hubana mishipa ya damu, na ngozi iliyo chini ya kitovu, juu kidogo ya katikati ya kovu, ndiyo iliyo mbali kuliko yote na chanzo cha damu yake. Mvutaji anaweza kuipoteza: inakuwa nyeusi, inakufa, inaacha kidonda cha miezi. Madaktari hutaka mtu aache wiki nne kabla na aendelee kuacha baadaye. Shisha ni tumbaku. Ugoro wa bibi nao ni tumbaku.

Yote haya yanahitaji mikono ya watu, na hapo tunarudi kwenye siri. Sababu zake zinaeleweka. Mwanamke anaogopa kuambiwa anakosoa kazi ya Mungu, au amekula fedha ya ada za watoto, au anatafuta mwanaume mwingine. Mitandaoni anaona matumbo bapa na hamwoni mtu aliyeinama na mipira miwili. Basi anaaga kazini kuwa ana safari, anamwambia mama mkwe kuwa ametolewa uvimbe au ameshonwa ngiri, anajifungia na dada wa kazi wa miaka 18 ambaye hajaambiwa chochote ila kwamba mama anaumwa. Siku ya tatu au ya nne, uvimbe ukiwa umefika kilele na dawa za usingizi zimekwisha mwilini, analia bila kujua kwa nini. Machozi hayo ni ya kawaida, wazazi nao huyapata. Mzazi ana mtu wa kumwambia "yatapita, mwenzangu nami nililia hivyohivyo". Huyu hana, na anaanza kuamini kwamba amejiharibu.

Huzuni inavumilika. Kinachonitia hofu zaidi ni ugonjwa kupewa jina lisilo lake. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Aliyepasuliwa akipata joto la nyuzi 38 siku ya sita, mtu hutumwa dukani kuleta dawa ya mseto ya malaria, na antibayotiki nusu dozi juu yake, huku kidonda kinachochacha hakijafunuliwa kwa kuwa aliyetumwa hajui kama kipo. Pumzi ikikata, nyumba inasema pumu, au presha, au kijicho. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, anachuliwa kwa mafuta ya nazi, na kuchua shavu la mguu lenye donge la damu ni kulisukuma. Hata akifika hospitali, daktari wa zamu atauliza kama amefanyiwa upasuaji siku za karibuni, wifi yake yuko pembeni ameshika mkoba, naye atajibu hapana. Jibu hilo linaweza kugharimu zaidi ya upasuaji wenyewe.

Simlazimishi mtu kutangaza. Awaambie watu wa aina mbili: mmoja anayelala nyumba ileile, na kila mhudumu wa afya atakayemgusa. Huyo wa nyumbani aoneshwe kidonda tangu siku ya kwanza, ili siku ya sita aweze kusema kwamba jana hakikuwa chekundu hivi. Ajue kwamba pumzi fupi ya ghafla, maumivu ya kifua, kukohoa damu, mguu mmoja uliovimba, au upande mmoja wa tumbo uliofura na kukaza ghafla ni mambo ya kukodi gari usiku huohuo bila kungoja kupambazuke. Ajue karatasi ya kutoka hospitali imewekwa wapi, na iwe inasomeka. Iliyoandikwa Kituruki tu haitamsaidia daktari wa Temeke.

Na alipwe. Katika bajeti nilizopata kuziona, kuna fedha ya daktari, ya chumba, ya mkanda, ya nauli, hata ya mavazi mapya ya baadaye. Fungu la mdogo wake anayeacha genge lake Morogoro wiki tatu kuja kumwaga mipira na kubeba ndoo halimo, kwa sababu ni ndugu. Mkaja wa mahari uliwekwa na watu waliojua kwamba kufunga tumbo la mtu ni kazi.

Wiki zikipita, kinachobaki ni kioo na subira. Uvimbe hupungua asubuhi na kurudi jioni kwa miezi mitatu na zaidi, na sehemu juu ya kovu ndiyo ya mwisho kutulia. Anayejipima kila siku atajikosea kila siku. Kovu huwa jekundu au jeusi na gumu katika miezi ya mwanzo kabla ya kulainika, na kukomaa kwake huchukua mwaka hadi mwaka na nusu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kovu kukua na kupita mipaka ya kidonda ni jambo la kuangalia kwa makini, hasa kwa mtu ambaye matobo ya masikio au chanjo ya begani yaliwahi kumwachia uvimbe. Amwambie daktari kabla ya kukatwa, maana akijua mapema ana mengi ya kufanya, zikiwemo sindano za ndani ya kovu. Karatasi au jeli ya silikoni huanza kidonda kikishafunga, na hutakiwa kuvaliwa saa nyingi kwa siku, kwa miezi. Mkorogo usisogee. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba, nayo ngozi hii imeshavutwa vya kutosha.

Ganzi ndiyo inayoondoka mwisho, kutoka pembeni kuelekea katikati, na kwa baadhi sehemu ndogo chini ya kitovu haiondoki kabisa. Hurudi kama mwasho, kisha kama kitu kinachotambaa. Halafu asubuhi moja, akijifunga kanga aende uani, mwanamke anahisi upindo wake tumboni, ulipoanzia na ulipoishia. Akitaka kukandwa, hapo mama mkwe anaweza kuteleka maji.